Watoto Watatu wa Avon

Jumapili moja ya Kwaresima vijana wa parokia yetu hapa Kolwezi walitualika ukumbini baada ya Misa ya pili tutazame sinema. Tulifika watu zaidi ya mia moja, na wengi wetu tulidhani ni ile ya Mateso ya Bwana tunayoonyeshwa karibu kila mwaka. Kumbe siyo. Ilikuwa sinema ya Kifaransa iitwayo Au revoir les enfants, maana yake Kwaherini, watoto, mpaka tuonane. Aliyeitunga na kuiongoza ni Louis Malle, nayo ilitoka mwaka 1987, na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice. Umeme ulikatika mara mbili. Sisi tunaokaa karibu na bwawa la Nzilo, ambao shaba yetu hupitisha umeme wa nchi za watu, tumekwisha zoea kungoja gizani. Lakini siku ile jambo la kustaajabisha ni kwamba mara zote mbili hakuna aliyetoka.

Padri ameniomba niandike kidogo juu ya sinema hiyo, kwa kuwa siku ile waliotaka kusema walikuwa wengi na saa zilikuwa chache. Mimi ni mwalimu wa shule, wala sikusomea mambo ya sinema. Nitasema niliyoyaona, na pale ambapo haikunipendeza nitasema pia.

Habari yenyewe ni fupi. Ni Januari 1944. Ufaransa imekaliwa na majeshi ya Hitler. Mtoto mmoja wa watu wenye mali, jina lake Julien Quentin, anarudi katika shule ya bweni inayotunzwa na Mapadri Wakarmeli. Wanaletwa wanafunzi wapya watatu, na mmoja wao, Jean Bonnet, anapewa kitanda kando ya kitanda cha Julien. Bonnet ni hodari wa hesabu na wa kupiga piano, hana marafiki, hapokei barua. Kwanza Julien anamchukia kidogo, kama watoto wanavyomchukia mgeni aliye hodari kuwapita. Kisha anaanza kumchunguza. Usiku mmoja anaamka na kumwona amewasha mishumaa miwili, amevaa kofia, anasali kwa maneno asiyoyafahamu. Siku nyingine anachungulia kitabu chake na kukuta ndani jina lingine: si Bonnet, ni Kippelstein. Mtoto huyu ni Myahudi, na Padri Jean, mkuu wa shule, amemficha. Julien ananyamaza, na urafiki unaota kati yao. Halafu asubuhi moja watu wa Gestapo wanaingia darasani.

Yako mambo machache ambayo Malle hakuyaeleza, kwa sababu Wafaransa wanayajua. Sisi hapa yatupasa kuambiwa. Mtu akisikia habari za Wayahudi katika vita ile hufikiri juu ya Wajerumani peke yao. Lakini sheria ya tarehe 3 Oktoba 1940, iliyowatoa Wayahudi katika kazi za serikali, ualimu, magazeti na sinema, ilitungwa na serikali ya Kifaransa yenyewe, ile ya Mzee Pétain iliyokaa Vichy. Kuanzia Juni 1942, katika sehemu ya kaskazini iliyokaliwa kwanza, Wayahudi walilazimishwa kushona nyota ya manjano juu ya nguo zao, hata watoto wa miaka sita. Tarehe 16 na 17 Julai mwaka ule, huko Paris, walikamatwa Wayahudi wapata 13,000, na kati yao watoto walizidi 4,000. Waliogonga milango yao walikuwa askari polisi wa Kifaransa, wenye orodha mikononi. Kwa jumla Wayahudi 76,000 hivi walipakiwa katika treni kutoka Ufaransa kwenda kambi za mauti. Waliorudi ni wapata 2,500.

Malle haonyeshi hesabu hizo. Anaonyesha kibao kwenye nyumba ya kuogea ya mji kinachokataza Wayahudi kuingia, na watoto wa shule wanapita mbele yake bila kukisoma, kwa kuwa wanawaza juu ya maji ya moto. Mimi nasema kibao kile chatosha.

Tena habari hii si ya kubuni. Shule ilikuwako kweli, huko Avon karibu na Fontainebleau, na mkuu wake alikuwa Mkarmeli, Padri Jacques wa Yesu, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Lucien Bunel. Tarehe 15 Januari 1944 Gestapo walimkamata pamoja na watoto watatu: Hans-Helmut Michel, Jacques-France Halpern na Maurice Schlosser. Alikamatwa pia mwalimu Myahudi, Lucien Weil, ambaye padri alimpa kazi alipofukuzwa mahali pake kwa sheria ile niliyoitaja. Watoto walipakiwa katika treni tarehe 3 Februari, wakauawa Auschwitz. Padri alipelekwa kambi ya Mauthausen, na huko Gusen aliwauguza wafungwa wenzake na kuwagawia chakula chake hata nguvu zikamwisha. Vita vilikwisha angali hai, lakini alifariki katika mji wa Linz tarehe 2 Juni 1945. Mwisho wa sinema sauti yasema kwamba alifia Mauthausen. Kwa kweli kambi ilikuwa imekwisha funguliwa alipokufa. Ni kosa dogo, lakini mimi napenda ijulikane kwamba aliiona siku ya uhuru. Mwaka 1985 Wayahudi wenyewe, kwa njia ya Yad Vashem huko Yerusalemu, walimwandika miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa.

Louis Malle alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Alikuwa na miaka 11, akaona kwa macho yake. Alitengeneza sinema nyingine nyingi kabla ya kuthubutu kutengeneza hii, na sauti tunayoisikia mwishoni, ikisema kwamba miaka zaidi ya 40 imepita na bado anaikumbuka asubuhi ile, ni sauti yake mwenyewe.

Basi, uzuri wa sinema ni nini? Kwanza ni kutopiga kelele. Hakuna ngoma wala zeze za kutukamua machozi. Kuna baridi: watoto wanavunja barafu wapate maji ya kunawa, wanasali na pua zinawatoka kamasi, wanapigana uani wakiwa juu ya mironjo. Sehemu kubwa ya sinema ni maisha ya shule tu, michezo na chakula kibaya na masomo ya Kigiriki, hata kijana mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Vita iko wapi?" Lakini ndivyo ilivyo kweli. Uovu wa serikali haukai kila saa mbele ya macho, nao watu huendelea kucheza mpira. Iko siku shule nzima inaonyeshwa sinema ya Charlie Chaplin, yule ambaye Wafaransa humwita Charlot. Wote wanacheka pamoja, mapadri na wanafunzi, Wakristo na Wayahudi na kijana wa jikoni, na katika uso wa Bonnet wakati ule hamna hofu. Ukumbini kwetu nasi tulicheka.

Pili, Malle hakuwatenga watu kuwa malaika huku na mashetani kule. Katika hoteli, Wafaransa wa Milisi wanamtukana mzee mmoja Myahudi aliyekaa mezani kwa heshima yake, na anayewafukuza ni ofisa wa jeshi la Wajerumani, labda apate kujionyesha mbele ya mama yake Julien, ambaye ni mwanamke mzuri. Mama huyo asema hana neno juu ya Wayahudi, halafu papo hapo anamtoa mmoja, waziri Léon Blum, ambaye kwake yeye hata akinyongwa si kitu. Anasema hivyo huku akila. Tena asubuhi ya kukamatwa, mtawa katika chumba cha wagonjwa ndiye anayeonyesha mahali mtoto mmoja alipojificha. Baadhi ya wamama wa parokia hawakupenda jambo hilo. Waliniambia, kwa nini amtie mtawa? Mimi nawajibu: kwa sababu mtawa naye huogopa. Mtungaji aliyeipenda kweli shule ya mapadri angeweza kumficha mtawa yule, asingetudanganya sana; lakini hakumficha, na kwa hiyo tunamsadiki pia anapotuonyesha utakatifu wa Padri Jean.

Nataka kukaa kidogo kwenye tukio moja ambalo wengi ukumbini hawakulishika, kwa kuwa hupita upesi. Ni siku wazazi wanapokuja kutembelea, na Misa inasomwa. Padri Jean anahubiri mbele ya matajiri wale maneno makali juu ya mali, hata baba mmoja anaondoka kanisani kwa hasira. Wakati wa Komunyo Bonnet anapiga magoti kwenye reli ya altare pamoja na wenzake na kufungua kinywa. Padri anafika mbele yake na Hostia mkononi. Anasita. Wanatazamana. Kisha anampita, anampa Julien aliye kando.

Vijana wetu waliuliza: kwa nini asimpe tu, apate kufichika zaidi? Swali ni zuri. Kwa mtu asiyesadiki, ingekuwa kipande cha mkate, na mkate ule ungeweza kumwokoa mtoto. Mimi nadhani tukio hili ndilo moyo wa sinema kwetu sisi Wakatoliki. Padri huyu amempa mtoto kitanda, jina, chakula na daraja la hesabu. Kesho atampa na maisha yake. Lakini hakumpokea nyumbani ili amnyang'anye dini ya baba yake, wala hawezi kuifanya Ekaristi kuwa nguo ya kujifichia. Anawaheshimu wote wawili, Bwana wake na mtoto. Si wote waliowaficha watoto wa Kiyahudi waliweka mpaka huo. Wasomaji wazee labda wamesikia habari za ndugu wawili wa Grenoble, Robert na Gérald Finaly, ambao wazazi wao waliuawa Auschwitz. Bibi aliyewalea aliwabatiza mwaka 1948 na kukataa kuwarudisha kwa ndugu za baba yao, na mwaka 1953 baadhi ya mapadri na watawa walisaidia kuwavusha mpaka wa Hispania wasichukuliwe. Walirudishwa mwaka uleule, baada ya kelele za dunia. Ni aibu kwetu, na ni vema tuiseme wenyewe. Malle alitunga tukio la Hostia miaka zaidi ya 30 baadaye, naye hakuwa mtu wa kusali. Lakini alilifahamu jambo ambalo wabatizwa wengine hawakulifahamu.

Sasa nije kwa Joseph. Huyu ni kijana wa jikoni, kiguu, maskini, anayechekwa na watoto wa matajiri. Anafanya nao magendo: wao humpa jemu na sukari waliyoletewa kutoka nyumbani, yeye huwapa stempu na sigara. Siku moja inagunduliwa kwamba vyakula vya shule vinaibwa. Wanafunzi waliofanya naye biashara, pamoja na Julien na kaka yake, hawafukuzwi, maana padri hataki kuwaumiza wazazi wao. Joseph anafukuzwa. Padri Jean mwenyewe akiri kwamba anatenda yasiyo ya haki, na anatenda vilevile. Joseph hana pa kwenda. Anakwenda kwa Wajerumani.

Sinema ilipokwisha, alisimama mama mmoja mzee, mjane wa mchimbaji, akanielekea mimi kama kwamba nilikuwa mimi mtungaji. "Mwalimu," akasema, "ule kijana wa jikoni, mapadri njo walimufukuza, si vile? Na bale batoto ba batajiri balibakia." Nikamjibu ndiyo, mama, ndivyo. Akaketi. Hakusema amsamehe Joseph, wala hakumhukumu. Hapo nina shauri langu na Louis Malle. Kwa upande mmoja naona ukweli mkubwa: dhuluma ndogo ya mtu mwema ndiyo iliyofungua mlango, na hakuna mahubiri yatakayonifundisha zaidi juu ya haki kwa watumishi. Kwa upande mwingine nauliza, mbona maskini ndiye tena anayebebeshwa usaliti? Orodha za Wayahudi hazikuandikwa na vijana wa jikoni. Ziliandikwa na wakubwa wenye kalamu nzuri, watu wa namna ya wale waliokaa viti vya mbele siku ya wazazi. Yule baba aliyetoka kanisani kwa hasira tungependa kujua alifanya kazi gani siku za juma. Sinema haimfuati.

Kuna tukio jingine ambalo watu wameliona kuwa limetengenezwa mno. Mkubwa wa Gestapo anasimama darasani na kuuliza ni nani Kippelstein. Hakuna anayejibu. Julien, bila kutaka, anageuza macho kidogo kumwelekea rafiki yake, na Mjerumani anayafuata macho yale. Malle alikiri kwamba mambo hayakutokea hivyo, wala yeye na mtoto yule hawakuwa marafiki wakubwa kama sinema inavyoonyesha. Kumbukumbu yake iliongeza urafiki ambao angependa uwe ulikuwako. Wako wanaosema basi amedanganya. Mimi siwezi kusema hivyo, na sababu yangu haitoki Ufaransa.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 12. Wasomaji wa Kolwezi na Likasi wanajua ninakokwenda. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai; watoto wao na wajukuu walizaliwa hapa, hawakuijua Kasai ila kwa nyimbo. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa kwetu. Mkoa wetu uliitwa Shaba wakati ule, na gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI. Mashirika ya kutetea haki za watu yaliandika wazi namna hotuba za wakubwa zilivyowasha moto na vijana wa chama walivyoachiliwa kuchoma na kufukuza: Likasi mwaka 1992, na hapa Kolwezi kuanzia Machi 1993. Neno lililotumika ni bilulu. Wadudu. Hitler naye na watu wake waliwaita Wayahudi hivyo, wadudu na panya, na sidhani waliolitumia hapa walisoma vitabu vyake. Uovu hauhitaji kusoma. Watu waliofukuzwa, wale walioitwa refoulés, walilala stesheni na mashuleni majuma na miezi, wakingoja treni za kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa, hapohapo kwenye reli au njiani ndani ya mabehewa. Waliotolewa katika mkoa wetu miaka ile walikuwa mamia ya maelfu.

Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni mamoja. Wayahudi milioni sita waliuawa kwa mpango uliotaka asibaki hata mmoja. Wakasai walifukuzwa, na baadaye wengi wamerudi, na leo twakaa nao katika viti vya kanisa kama zamani. Mwenye kuchanganya mambo hayo anawakosea wote. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja: serikali iliyotaja jirani kuwa mgeni, na jirani wengine walionyamaza.

Sisi hatukumchongea mtu. Ila kando ya nyumba yetu walikaa watu wa Kasai, na mama wa nyumba ile alikuwa na cherehani. Siku walipofungasha, alimletea mama yangu, akamwomba ainunue kwa kilo chache za unga wa safari. "Afadhali uichukue wewe, dada," akasema, "kuliko wale." Mama yangu alilia siku ile. Alilia kweli, na cherehani akainunua, na unga aliutoa kwa kipimo. Hakuna aliyetulazimisha kupima. Dada yangu anaitumia mpaka leo, na baadhi ya mavazi ya kwaya mnayoyaona siku za sikukuu yameshonwa kwayo. Kwa hiyo nilipomwona Julien anageuza macho, sikujiuliza kama jambo lile lilitokea Avon au halikutokea.

Na hapa naona pungufu kubwa ya sinema hii. Twamjua Julien ndani na nje: hofu zake, jinsi anavyokojoa kitandani, anavyomlilia mama yake stesheni. Bonnet tunamwona kwa nje tu. Baba yake yu wapi, mama yake alifungaje mizigo, alimwambia nini alipomwachia jina la uongo, hatuelezwi ila kwa maneno mawili matatu. Tukitoka tunaujua uchungu wa yule aliyebaki. Yule aliyechukuliwa amebaki mgeni mpaka mwisho. Labda Malle aliona haya kusema kwa kinywa cha mtu aliyekufa, na haya hiyo ni ya heshima. Hata hivyo mtoto si kioo cha dhamiri ya mwenzake.

Sisi wa Katanga hatuna udhuru wa kuwaona Wayahudi kama watu wa vitabuni. Tangu mwanzo wa mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, walikaa huko wafanyabiashara Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, wakasema Kihispania cha kale nyumbani na Kiswahili dukani. Sinagogi yao ilifunguliwa mwaka 1930, na Rabi Moïse Levy alikuja kuwaongoza mwaka 1937. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, baba yake alikuwa mmoja wa watu hao wa Rhodes. Mwezi wa Julai 1944, miezi sita tu baada ya asubuhi ile ya Avon, Wajerumani walikusanya Wayahudi wa Rhodes na wa kisiwa cha jirani cha Kos, zaidi ya 1,700, wakawapakia mashua na kisha treni hadi Auschwitz, safari ya majuma matatu na zaidi. Waliosalia hai hawakufika mia mbili. Wazazi, dada na wapwa wa wenye maduka ya Katanga walikuwa kati yao. Balozi mdogo wa Waturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, Mwislamu, alisimama mbele ya Wajerumani na kudai watu wake, na kwa njia hiyo akaokoa watu wapata 40. Habari ya kungoja barua kutoka Rhodes, huku shaba ya Katanga ikienda vitani, ingefaa kutengenezewa sinema nyingine, na mtungaji wake afadhali awe mtu wa hapa.

Swali la mwisho siku ile liliulizwa na binti wa darasa la sita la sekondari. Treni zote hizo, je, hakuna hata mtu mmoja aliyejaribu kusimamisha moja? Sikuweza kumjibu vizuri ukumbini, kwa hiyo namjibu hapa. Walikuwako. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1943, huko Ubelgiji, treni ya ishirini ilitoka kambi ya Mechelen na Wayahudi 1,631. Vijana watatu, waliosoma shule moja, waliingojea karibu na kijiji cha Boortmeerbeek: Youra Livchitz, daktari, na Jean Franklemon na Robert Maistriau. Walikuwa na bastola moja, koleo za kukatia waya, na taa waliyoifunika karatasi nyekundu ili dereva adhani ni ishara ya hatari. Dereva akasimama. Maistriau alifungua behewa moja, watu 17 wakatoka. Wengine walikuwa wamejitayarisha kuvunja milango kwa vyombo walivyoficha, wakaendelea kuruka njiani kabla ya kufika mpaka wa Ujerumani, zaidi ya 200 kwa jumla. Wengine walipigwa risasi, wengine wakakamatwa tena, lakini zaidi ya mia moja waliokoka. Mmoja wao alikuwa Simon Gronowski, mtoto wa miaka 11 kama Malle. Mama yake alimshikilia nguo hata akamwachia chini, naye mama hakuweza kumfuata. Askari wa kijiji aliyemkuta mtoto, Jan Aerts, hakumpeleka kwa Wajerumani. Livchitz aliuawa kwa kupigwa risasi Februari 1944. Maistriau alitupwa kambini, akapona, na baada ya vita alikuja kuishi hapa Kongo.

Sinema ina dakika 104 na yasemwa kwa Kifaransa cha haraka, chenye maneno ya watoto wa shule za zamani. Itakapoonyeshwa tena afadhali akae mtu mmoja karibu na mashine na kuisimamisha hapa na pale, aeleze kwa Kiswahili, hasa mahali pa Komunyo na mahali Joseph anapofukuzwa. Watoto walio chini ya miaka kumi wasiletwe. Hawatatishwa, kwa kuwa hakuna damu, ila watachoka na kupiga kelele. Sahani yake inatunzwa na kiongozi wa vijana, na jumuiya ndogo zinaweza kuiazima. Yule mama mjane amekwisha omba aitwe.